Harusi ya uwanjani Ngerengere: Panga muziki kwanza, mapambo yafuate

Kamati nyingi za harusi hufika kwenye suala la muziki zikiwa zimechoka. Chakula kimeshapangwa, mapambo yamelipiwa, gari la maharusi limepatikana na keki imeagizwa. Ndipo mjumbe mmoja anauliza: na burudani je? Hapo kinachoamua ni kile kilichobaki kwenye daftari la michango. Harusi ya ukumbini inaweza kuuhimili uamuzi huo wa dakika za mwisho, kwa sababu ukumbi una umeme wake, kuta zake na mara nyingi spika zake. Harusi ya uwanjani haiuhimili. Uwanjani, muziki ndio unaoamua turubai lisimame wapi, wageni wakae upande gani, jenereta liwe la ukubwa gani, na shughuli ianze saa ngapi.

Nazungumzia Ngerengere kwa makusudi. Huu ni mji mdogo wa Morogoro Vijijini, mashariki ya mji wa Morogoro, ulioko kando ya reli ya kati na unaoshiriki jina na mto unaoteremka kutoka milima ya Uluguru kwenda kuungana na Ruvu. Si mahali pa kumbi kubwa za kukodi zenye viyoyozi. Ni mahali ambapo uwanja wa nyumbani, kivuli cha mwembe na maturubai machache vinatosha kupokea mamia ya watu. Kwa hiyo atakayeipanga vizuri harusi ya Ngerengere ataweza kuipanga harusi ya uwanjani popote nchini.

Tena Ngerengere si mji wa ngoma moja. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea katika ukanda huo. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali, wakaja na ngoma zao. Baadaye ikaja kambi ya jeshi la anga, nayo ikaleta familia kutoka kila kona ya nchi. Leo harusi moja inaweza kuwakutanisha Waluguru wa mlimani, Wakwere, Wazaramo na Wakutu wa bondeni, pamoja na wakwe kutoka Kigoma au Songea. Muziki wa harusi ya namna hiyo una kazi ya kuwapa wote nafasi, na kazi hiyo haifanyiki kwa bahati.

Mkoa wenye deni la muziki

Morogoro haihitaji kuazima heshima ya muziki kutoka kwingine. Morogoro Jazz ilianzishwa miaka ya 1940. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake waliufanya mji wa Morogoro usikike Afrika Mashariki nzima kabla hajafariki kwa ajali mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, aliyezaliwa mwaka 1944, alijiunga na Morogoro Jazz katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi hiyo ikaiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano, akaendelea nayo hadi ajali ya gari ya Januari 1979 nchini Kenya ilipomchukua.

Majeshi nayo yana historia yake katika dansi. Mwenge Jazz ilikuwa ya JWTZ, Kimulimuli ilikuwa ya JKT, na Polisi walikuwa na Polisi Jazz. Vijana wengi walijifunza kusoma noti na kupuliza tarumbeta wakiwa kwenye sare.

Naikumbusha historia hii kwa sababu mkoa uliolea wapigaji wa kiwango hicho umezoea sasa kuona harusi ikiendeshwa na kompyuta moja na spika mbili. Sina ugomvi na DJ. Ana kazi yake, na nitaitaja. Lakini kuna jambo moja ambalo DJ hawezi kulifanya kama bendi: kumsubiri mtu. Wakati wa zawadi, ukoo mzima hupanga mstari na kuja ukicheza, vitenge mabegani na sufuria kichwani. Mstari unaweza kuchukua nusu saa. Wimbo wa kwenye kompyuta unakwisha kwa dakika 4, unarudiwa, unakatwa, unabadilishwa. Mpiga gitaa anayemwona shangazi bado yuko katikati ya uwanja, anacheza taratibu kwa sababu ya magoti, ataongeza mzunguko mmoja wa sebene, kisha mwingine, mpaka shangazi afike mbele na kukabidhi zawadi yake kwa heshima. Hiyo ndiyo sababu ya kulipia muziki wa laivu. Unalipia macho ya mpigaji pamoja na vidole vyake.

Gawa siku kwa vipande

Kosa la kawaida ni kutafuta bendi moja ya kupiga kuanzia asubuhi hadi usiku. Hakuna bendi inayoweza hivyo bila kuchoka, na hakuna kamati ya kawaida inayoweza kuilipa. Njia nzuri ni kuandika ratiba ya siku nzima, kisha kujiuliza kila kipande kinahitaji sauti gani.

Asubuhi kuna msafara. Bibi harusi anatoka kwao, au bwana harusi anakwenda kuoa. Hapa umeme hauhitajiki kabisa. Matarumbeta yanatosha, yakiwa nyuma ya pikapu au yakitembea kwa miguu. Muziki huo una undugu na beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaenea Tanganyika nzima baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliye na jamaa wa Kizaramo anaweza kuchagua mdundiko, ngoma ya mwendo inayokusanya watu njiani. Zote mbili zina faida moja kubwa: zinatangaza harusi mji mzima bila gharama ya jenereta.

Kisha kuna ibada. Msikitini ni kasida na dufu, kanisani ni kwaya. Hapo kamati haina mamlaka. Viongozi wa dini ndio wenye neno. Kamati iwaone mapema, ijue ibada inakwisha saa ngapi, na ihakikishe matarumbeta hayalii nje ya mlango kabla ya dua au baraka ya mwisho.

Mchana, wakati wa chakula, wageni wanataka kusalimiana. Wengine hawajaonana tangu msiba wa mwisho wa ukoo. Magitaa mawili na ngoma ndogo, kwa sauti ya chini, vinatosha. Ukiwasha spika kubwa saa hiyo, unawanyima ndugu mazungumzo waliyosafiri kuyafuata.

Kabla jua halijashuka, wape wazee kipande chao. Waluguru, kama walivyo Wakwere, Wazaramo na Wakutu, hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Bibi na makungwi waliomlea mwali nao wana nyimbo zao. Nimeona harusi ambamo kinamama hawa waliambiwa wasubiri mpaka MC amalize, kisha wakaambiwa muda umekwisha. Ni udhalilishaji ambao hakuna keki inayoweza kuufuta. Waandikwe kwenye ratiba kwa saa kamili, na mitambo izimwe wakati wao, kwa sababu ngoma ya ngozi na sauti za kinamama hazihitaji kushindana na spika.

Jioni ndiyo saa ya bendi: maharusi kuingia, kukata keki, zawadi, na dansi. Bendi nyingi hupiga kwa dakika 45 hadi saa nzima, kisha hupumzika. DJ ashike mapumziko hayo na apewe orodha ya nyimbo, ili asimalize kila kitu ambacho bendi ilipanga kupiga. Katika majira yote jua la Ngerengere huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na adhana ya magharibi hufuata. Panga mapumziko ya kwanza ya bendi yaangukie hapo. Ni adabu, na pia inampa fundi mitambo nafasi ya kuwasha taa kabla giza halijaingia.

Uwanja hauna kuta

Ukumbini, kuta hurudisha sauti kwa wageni. Uwanjani sauti inaondoka. Kila unapoongeza umbali kutoka kwenye spika mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Aliyekaa meta 20 anapata desibeli 12 pungufu ya aliyekaa meta 5. Fundi asiyejua hili hupandisha sauti mpaka wazee wa mbele wanaziba masikio huku wa nyuma wakilalamika hawasikii hotuba.

Dawa yake ni kusogeza sauti karibu na watu. Weka spika ndogo katikati ya uwanja kwa ajili ya viti vya nyuma, na ziinue juu ya vichwa vya waliokaa. Panga viti kwa nusu duara kuizunguka bendi, usivipange kwa safu ndefu kama za mkutano wa hadhara. Kumbuka pia kwamba sauti hutembea takriban meta 345 kwa sekunde katika hewa ya joto. Aliye umbali wa meta 35 anausikia mdundo wa ngoma sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mkono wa mpigaji kushuka. Ndiyo maana wachezaji wa nyuma kabisa huonekana kama wanachelewa. Weka eneo la kuchezea mbele ya jukwaa, na meza za chakula pembeni.

Jukwaa lenyewe liwe upande wa kaskazini au wa kusini wa uwanja. Likiwa mashariki, wapigaji wanaowatazama wageni watapigwa na jua la jioni machoni. Likiwa magharibi, jua hilo litawapata wageni. Angalia na upepo: ukiwa unatoka nyuma ya bendi, unapeleka sauti kwa watu, ukivuma kuelekea bendi, unairudisha. Mikrofoni zivikwe sponji, la sivyo nasaha za wazazi zitasikika kama dhoruba.

Umeme wa muziki usichanganywe na wa friji

Hata penye umeme wa Tanesco, jenereta ni lazima. Swali ni ukubwa wake. Jenereta lililoandikwa kVA 5 hutoa takriban kilowati 4 za kazi halisi, na halipendi kulazimishwa kufika mwisho wa uwezo wake kwa saa nyingi. Mwulize fundi mitambo, kwa maandishi, vyombo vyake vinakula wati ngapi. Jumlisha taa. Kisha ongeza akiba ya angalau robo.

Friji za vinywaji na pampu za maji zipewe chanzo chake. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na kila inapowaka, taa zinapepesa, kinanda kinazima, na bendi inasimama katikati ya wimbo wa maharusi. Waya mrefu na mwembamba nao hupoteza nguvu njiani, na ukiachwa umeviringishwa kwenye kibiringo hupata moto. Unyooshwe wote, upitishwe mahali pasipopitwa na watoto, na jenereta likae mbali na wageni, upande ambao upepo unapeleka moshi nje ya uwanja. Dumu la mafuta la akiba liwe na mtu anayehusika nalo kwa jina.

Jua, umande na ngozi

Vyombo vya muziki vina tabia zake nje. Nyuzi za gitaa zikipigwa na jua hurefuka kidogo na sauti yake hushuka. Tarumbeta ikipata joto, sauti yake hupanda. Vyombo viwili vilivyokubaliana asubuhi kivulini vinaweza kugombana saa 9 alasiri juani. Kwa hiyo turubai la bendi lisiwe la mwisho kufungwa, na wapigaji wapewe muda wa kurekebisha vyombo kabla ya maharusi kuingia.

Ngoma za ngozi hukaza kwa joto na kulegea kwa umande wa usiku. Wapigaji wa asili huzikaza kwa kuzipasha moto wa majani makavu. Kamati inayoalika kikundi cha ngoma itenge mahali salama pa moto huo, mbali na maturubai na mbali na jenereta, pamoja na ndoo ya maji na mchanga. Ni jambo dogo, lakini pasipokuwa na mahali hapo, ngoma inayolia vizuri saa 10 jioni itakuwa haina sauti saa 3 usiku.

Kuhusu mvua, majira ya Morogoro yanajulikana. Masika huwa Machi hadi Mei, na vuli huanza karibu na Oktoba au Novemba. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuaminika zaidi kwa harusi ya nje, na pia ndiyo miezi ambayo wakulima wengi wameshavuna na wana cha kuchangia. Anayefunga ndoa Aprili au Desemba ajiandae na jukwaa lililoinuliwa kutoka ardhini, nailoni ya kufunika mitambo, na makubaliano ya nini kitafanyika mvua ikinyesha.

Mkataba na sahani ya mpigaji

Makubaliano ya mdomo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya kamati na bendi. Karatasi moja inatosha. Iandike tarehe, mahali, saa ya kufika, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya wapigaji, nani analeta mitambo, nani analipa usafiri, malipo ya awali na ya mwisho, bei ya kila saa ya ziada, na hatua za kuchukua umeme ukikatika au mvua ikinyesha. Iandike pia fedha za kutunza ni za nani. Mgeni anapombandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, wengine huamini ni mali ya mwimbaji, wengine huamini ni za bendi nzima. Ni vema wapigaji wenyewe wakakubaliana mapema kuliko kugombana jukwaani.

Usafiri umebadilika. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Ngerengere ina stesheni yake kwenye njia hiyo. Wapigaji wanaweza kutoka Dar es Salaam au Morogoro mjini kwa treni. Spika, ngoma za bendi na jenereta si mizigo ya behewa la abiria, hivyo panga gari la vyombo lifike mapema, ikibidi siku moja kabla, ili majaribio ya sauti yafanyike asubuhi kabla wageni hawajaketi.

Lakini kabla ya kutazama Dar es Salaam, tazama nyumbani. Kuna kwaya, vikundi vya ngoma, madrasa zenye vijana hodari wa dufu, wapiga magitaa wa Morogoro mjini, na wahitimu wa TaSUBa ya Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Bendi kubwa ya mbali itakula bajeti kwa nauli na malazi. Kikundi cha karibu kitaweka fedha hiyo kwenye muziki wenyewe, na kinawajua watu kitakaowachezesha.

Na wapigaji wale. Nalisema kwa mkazo kwa sababu linasahaulika mno. Mara nyingi wapigaji hupewa makoko baada ya wageni, wapambaji na madereva kushiba. Mtu aliyepiga ngoma kwa saa 3 juani anastahili sahani kamili na maji ya kunywa, vilivyohesabiwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Bendi iliyoheshimiwa hupiga tofauti, na wageni huisikia tofauti hiyo.

Majirani pia ni wageni

Mchana, hewa ya karibu na ardhi huwa ya moto na sauti hupinda kwenda juu. Usiku ardhi ikipoa, sauti hupinda kurudi chini na kusafiri mbali. Ndiyo sababu ngoma ya kijiji cha pili husikika vizuri usiku kuliko mchana. Maana yake ni kwamba sauti ile ile iliyokuwa ya kawaida saa 10 jioni inaweza kumkosesha usingizi mgonjwa, mtoto mchanga au mzee wa mbali saa 5 usiku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele zinaipa mamlaka ya mazingira ya taifa na halmashauri nguvu ya kuchukua hatua. Pata kibali cha sherehe kwenye ofisi ya serikali ya kijiji au ya mtendaji wa kata, jua saa ya mwisho iliyoandikwa humo, na umpe MC nakala. Giza likiingia, besi ipunguzwe. Na majirani wajulishwe mapema. Wengi wao mtawaalika kula, basi waambiwe pia muziki utakwisha saa ngapi.

Kwa wanakamati wanaosoma makala haya wakiwa na daftari la michango mkononi: kwenye kikao chenu cha kwanza, kabla ya rangi ya vitambaa na idadi ya maua, andikeni ratiba ya siku, kisha kila kipande kiandikieni sauti yake. Tafuteni wapigaji walio karibu nanyi, waandikieni mkataba, wapeni kivuli, umeme wa uhakika na chakula. Mkoa wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe bado una wanamuziki. Wanachokosa ni kuitwa mapema na kulipwa kwa heshima, na hilo liko ndani ya uwezo wa kila kamati.